UZI: Kujifunza kumchora mtu aliyekaa kwa kunakili "Mama yake Whistler": vifaa, vipimo na pale kazi inapoharibika

MkaaNaBrashi (Mji Mkongwe)

Assalaam alaykum. Swali la "nataka kumchora mtu amekaa, nianzie wapi" limeshaulizwa mara nyingi na majibu yametawanyika kila pahala. Tuliweke hapa, tufanye kazi moja tu, kuanzia kitambaa hadi vanishi.

Kazi ninayopendekeza ni ile watu waliyoizoea kwa jina la "Mama yake Whistler". James McNeill Whistler, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, aliichora mwaka 1871, na jina alilolipa mwenyewe ni Mpangilio wa Kijivu na Nyeusi Namba 1. Serikali ya Ufaransa iliinunua 1891, sasa iko makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris. Ni rangi ya mafuta juu ya kanvasi, kimo sm 144.3 na upana sm 162.4. Bibi amekaa ubavu, anatazama kushoto. Gauni jeusi, kofia nyeupe ya lesi, mikono mapajani, miguu juu ya kibao. Nyuma yake ukuta wa kijivu, kushoto pazia jeusi lenye nakshi, na ukutani fremu yenye picha iliyochapwa ya gati la mto Thames ambayo Whistler aliitengeneza mwenyewe 1859.

Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba mtu aliyekaa ubavu analionesha paja kwa urefu wake wote. Akikaa anakutazama, paja linakujia na kufupika, na hapo ndipo picha nyingi za wanaoanza hufa: paja linatoka refu, mtu anaonekana anateleza kutoka kitini. Hapa tabu hiyo haipo. Rangi nazo ni chache, na jina la picha lenyewe limeshakwambia somo: panga kijivu na nyeusi kwanza, uso utafuata.

Upimaji uko hivi. Kimo kwa upana wa picha hii ni karibu sawasawa 8 kwa 9. Kwa hiyo nakala ya theluthi moja ni sm 48 kwa sm 54, na ukiigawa kwa miraba ya sm 6 unapata 8 kwenda chini na 9 kwenda pembeni, bila ya masalio. Picha ya kutazamia ichapishwe steshenari (duka la kuchapia) kwenye karatasi ya A4 kwa ukubwa wa sm 16 kwa 18, miraba ya sm 2. Kila kipimo cha karatasi unakizidisha kwa tatu, basi.

Chwaka_Upepo

Maalim, kwa nini tusianze na Mona Lisa? Naye kakaa.

MkaaNaBrashi

Kakaa, lakini kageuka robo tatu, kwa hiyo uso, bega na mkono wa mbele vyote vimefupika kwa kipimo tofauti. Tena Leonardo, aliyeichora, alijenga vivuli vya uso kwa tabaka nyembamba mno, moja juu ya nyengine, hadi mpaka wa kivuli hauonekani. Ukinakili hiyo bila ya kujua kupanga giza na mwanga unaishia kusugua tu hadi uso unakuwa wa sabuni. Iache iwe kazi ya tatu au ya nne.

FundiFremu

Nichukue upande wa mbao na kitambaa, maana kanvasi ya kununua iliyotandazwa tayari ina bei na mara nyingi imepinda.

Mbao za inchi 1 kwa 2, zikauke vizuri. Ukishaunga pembe nne, pima ulalo wa pembe hadi pembe. Kwa fremu ya sm 48 kwa 54 ulalo ni sm 72 na robo, na zote mbili ziwe sawa. Zikitofautiana hata nusu sentimita, miraba yako ya pembeni haitakuwa miraba. Lipige randa kidogo lile ukingo la ndani la upande wa mbele, vyenginevyo litatokeza mstari kwenye kitambaa baada ya muda.

Kitambaa ni marekani nzito. Ifue kwanza kuondoa wanga, ikauke, ipige pasi, ukate sm 58 kwa 64 upate sm 5 za kukunja kila upande. Piga stepla ya kwanza katikati ya upande mmoja, ya pili katikati ya upande wa pili unaoukabili, kisha zile mbili zilizobaki; halafu nenda ukielekea pembeni kwa zamu. Ukianzia pembe utapata mikunjo ya mshazari ambayo haitoki tena.

Halafu gundi. Hapa watu huruka. Mafuta ya kitani yakigusa pamba tupu huila polepole, kitambaa kinakuwa kikavu cha kuvunjika. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mara mbili, ikauke katikati. Baada ya hapo jeso (rangi nyeupe ya kutangulizia) tabaka 3, ukipiga msasa namba 220 kila tabaka likikauka. Kama jeso hakuna, chukua hadibodi badala ya kitambaa na utengeneze ya kwako: gundi 1, maji 1, unga laini wa chaki 2. Hiyo ya kujitengenezea usiitie kwenye kitambaa, kwa sababu kitambaa kinachezacheza na yenyewe ni ngumu, itapasuka.

DaladalaArt

Rangi ya mafuta ya kopo, ile ya kupakia milango, haifai? Tingatinga wote wanatumia na picha zao zinang'ara.

MkaaNaBrashi

Kwa Tingatinga ndiyo yenyewe, toka Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alipoanza Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 juu ya hadibodi. Mtindo ule unataka rangi bapa, mpaka mkali, mng'ao. Hapa unataka kinyume chake. Rangi ya kopo hujitandaza yenyewe na kufuta alama ya brashi, inaanza kushika ngozi haraka, na ukitaka kuyeyusha shavu liingie kwenye kivuli inavutana kama gundi. Itumie kwa pazia kama huna budi, uso hapana.

Bi_Nakshi (Vuga)

Na jamani, mafuta ya kulainishia rangi yawe ya kitani. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji, inakauka kwa kuvuta hewa na kugeuka ngumu. Mafuta ya kitani yanaweza kufanya hivyo. Mafuta ya nazi hayawezi. Utakaa mwaka mzima picha inanata na vumbi lote la mtaa limehamia humo. Mafuta ya taa nayo yasitumike kuzimua, yanaacha utelezi. Tapentaini au spiriti nyeupe.

Chengine cha hatari: matambara yenye mafuta ya kitani usiyafunge donge ukayatupa kwenye kona. Yanapokauka yanatoa joto, na likibanwa ndani ya donge yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke au yatumbukize kwenye kopo la maji. Nyumba za Mji Mkongwe zina boriti kavu za miaka na miaka, hapana mzaha.

MkaaNaBrashi

Ahsante Bi Nakshi. Tuendelee na uchoraji.

Usianze juu ya weupe. Zimua amba ya kuchoma, ile rangi ya kahawia, na tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi, paka kanvasi nzima, kisha ifute kwa kitambaa ibaki kahawia ya kati. Juu ya weupe kila rangi unayoweka inaonekana nyeusi kuliko ilivyo, na mwisho picha nzima inatoka imefifia.

Ikikauka, piga miraba kwa mkaa uliochongwa. Penseli hapana, kwa sababu rangi ya mafuta huzidi kupenya mwanga kadiri inavyozeeka, na mistari ya risasi itakuja kuchungulia kwenye ukuta wa kijivu. Usianze na uso. Weka kwanza mstari wa chini ya ukuta, ule ubao mweusi unaokutana na sakafu. Halafu ukingo wa pazia. Halafu pembe nne za ile fremu ya ukutani. Ndipo uweke pembetatu kubwa ya bibi: utosi wa kofia, mgongo unavyoshuka, ncha ya viatu. Chora pia lile umbo la ukuta lililobaki kati ya fremu na uso wake. Ukuta ule mtupu ndio unaomkalisha. Ukikosea upana wake, hata uso uwe mzuri vipi, bibi ataonekana kasogezwa.

WeteSanaa (Pemba)

Mie napinga miraba. Mtu akizoea miraba jicho halijifunzi kupima. Siku ya kumkalisha mtu mzima mzima mbele yako utampigia miraba usoni? Kitundike kijiwe kwenye uzi, timazi ile ile ya mafundi uashi, ukiinue mbele ya picha uone: wima kutoka ncha ya pua unaangukia wapi kwenye mikono? Kutoka sikioni unapita wapi kitini? Vipimo vitano vya namna hiyo vinatosha.

MkaaNaBrashi

WeteSanaa hajakosea. Njia ya kati: chora kwa jicho na timazi kwanza, kisha piga miraba juu yake kama ya kusahihishia. Hapo utaona unavyokosea siku zote upande mmoja. Wengi huchora kichwa kikubwa na miguu mifupi, kwa sababu kichwa ndicho kinachowavutia.

Na kwa mtu halisi, kipimo cha kukumbuka: aliyesimama ana vichwa 7 hadi 7 na nusu, aliyekaa wima kwenye kiti cha kawaida, kutoka sakafuni hadi utosini, ni karibu vichwa 6. Nyuma ya nyonga hadi ncha ya goti, kwa ubavu, vichwa 2 na nusu hivi. Akikunja mgongo ule urefu wa juu unapungua, ule wa paja haupungui.

Chwaka_Upepo

Na rangi tunachanganyaje? Kila nikitazama ule ukuta kwenye simu unabadilika.

Bi_Nakshi

Unabadilika kwa sababu kila tovuti ina picha yake, na simu yako nayo inatia njano usiku. Zima hiyo hali ya usiku, chukua picha ya tovuti ya makumbusho, chagua moja na usiiache. Ile karatasi iliyochapishwa itumie kwa mchoro tu. Printa hugeuza gauni zima kuwa doa moja jeusi.

Rangi saba zinatosha: nyeupe ya titaniamu, nyeusi ya pembe, oka ya njano, amba ya kuchoma, siena ya kuchoma, nyekundu ya kadimiamu nyepesi na buluu ya ultramarini. Kwenye picha yenyewe utaishi na nne za mwanzo na nukta za nyekundu na ultramarini. Anders Zorn, yule Mswidi, anajulikana kwa kuchora nyuso kwa nyeupe, nyeusi, oka na nyekundu peke yake, na hakuna aliyewahi kuziona zina njaa ya rangi.

Kijivu cha ukuta: nyeupe vijiko 2 vya chakula, nyeusi robo kijiko cha chai, oka kiasi hicho hicho. Tia nyeusi kidogo kidogo kwenye nyeupe, usifanye kinyume, maana nyeusi ina nguvu na utamaliza tyubu nzima ya nyeupe kuirejesha. Nyeupe na nyeusi peke yake hutoa kijivu chenye ubuluu. Oka ndiyo inayokiregesha kwenye joto. Changanya cha ukuta wote kwa mara moja, ukifunge ndani ya nailoni usitie hewa. Kikikuishia katikati hutokipata tena kile kile, na ukuta utakuwa na kiraka.

Kutokana na donge hilo toa madonge matano, kutoka jeusi hadi jeupe, uyapange kwa mstari kwenye paleti (kibao cha kuchanganyia rangi). Finya macho ulinganishe na picha. Nyeupe safi kabisa isiguse pahala pengine isipokuwa kofia, na hata kofia ni ile sehemu inayopigwa na mwanga tu. Uso ni mweusi kuliko kofia. Kila mtu hulikosea hili: akili inajua uso wa Mzungu ni mweupe, mkono unaweka weupe, na kofia inakosa pa kwenda.

Gauni usilipake nyeusi ya tyubu. Litatoka tundu. Nyeusi na amba kwa sehemu iliyo karibu na mwanga, nyeusi na ultramarini kidogo kwa mikunjo ya ndani. Tofauti iwe ndogo, mtu aione akisogea.

MkaaNaBrashi

Mpango wa kupaka: ukuta, pazia, gauni, sakafu, ndipo kichwa na mikono. Tabaka la kwanza tapentaini nyingi bila ya mafuta, la juu ndilo litiwe mafuta ya kitani. Ukigeuza, la chini litakuwa bado linajikunja wakati la juu limeshakauka, na picha itapasuka.

Kichwa. Gawa ile miraba inayokigusa iwe ya sm 1.5. Jicho la ubavu ni kabari, mfano wa herufi V iliyolala, na mboni ni ukanda mwembamba mbele yake. Ukichora jicho la mlozi uso utakutazama wewe huku pua inatazama kushoto. Nyuma ya fuvu usiikate: kutoka paji hadi kisogo ni karibu sawa na kutoka kidevu hadi utosi, na kofia inaongeza juu ya hapo. Rangi ya ngozi haiwi moja: paji lina unjano, shavu na pua vina wekundu, taya lina ukijivu. Ni tofauti ndogo ndogo, lakini ndizo zinazoondoa barakoa.

Ukingo wa paji, pua na midomo mbele ya ukuta uuache mkali kiasi. Ukingo wa gauni na kiti uuyeyushe, kwa brashi kavu, mpaka hujui kipi kinaanzia wapi. Pale mwili unapogusa kiti ndipo penye giza zito kuliko pote. Bila ya giza hilo mtu anaelea.

Mikono ianze kama kitu kimoja, kama amevaa soksi mikononi. Vidole baadaye, na vichache kuliko unavyofikiri.

WeteSanaa

Kwa wenye akriliki, rangi ya kuzimua kwa maji: rangi ile inakauka kwa dakika 10 hadi 20, na upepo wa kaskazi ukiingia dirishani ni chini ya hapo. Tengeneza paleti ya majimaji: sinia, kitambaa kilicholoweshwa, juu yake karatasi ya kuokea keki, rangi juu ya karatasi. Ifunike usiku. Akriliki pia huwa nyeusi zaidi ikikauka, kwa hiyo kila donge lijaribu pembeni mwa karatasi, lisubiri, ndipo upake. Unaweza kuanza na akriliki ukamalizia kwa mafuta. Kinyume chake hakishiki.

DaladalaArt

Samahani kwa kutoka nje ya mada. Kuna wanaosema kuchora sura ya mtu haijuzu kabisa. Mnasemaje?

Bi_Nakshi

Hilo kaka lipeleke kwa masheikh wanaojua, utapata jibu lenye dalili. Hapa tujibu la rangi.

Chwaka_Upepo

Vitabu vyote vinasema kaa kwenye dirisha la kaskazini upate mwanga usiobadilika. Dirisha langu la kaskazini linapiga jua.

MkaaNaBrashi

Kwa sababu vitabu hivyo vimeandikwa Ulaya, ambako jua la mchana liko kusini siku zote. Sisi Zanzibar tuko kwenye nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, kwa hiyo dirisha lako la kazi ni la kusini. Miezi iliyobaki ndipo ugeuke. Mwenye dirisha moja tu atundike shuka jeupe jembamba, afanye kazi asubuhi au alasiri kwa saa zile zile kila siku.

FundiFremu

Na msiegemeze kanvasi kwenye kuta za mawe na chokaa, hasa masika. Zile kuta zinavuta unyevu na chumvi, mgongo wa kitambaa unaota ukungu kabla ya rangi kukauka. Weka vipande vya mbao nyuma, hewa ipite vidole viwili.

Chwaka_Upepo

Nyeusi ya gauni imekauka madoa: pengine inang'ara, pengine imekufa kama mkaa. Nipake upya?

Bi_Nakshi

Usipake. Rangi imenyonywa mafuta na tabaka la chini, na nyeusi ndiyo inayoonesha zaidi. Chukua mafuta ya kitani 1, tapentaini 1, paka unyevunyevu tu kwa kitambaa, subiri dakika kumi, kisha futa kilichozidi. Nyeusi itarudi. Vanishi ya mwisho isubiri miezi 6, na usiipake siku ya mvua: unyevu ukikwama chini yake unatoa ukungu mweupe. Ngojea kaskazi ikauke hewa.

WeteSanaa

Akishamaliza nakala, kazi ya pili iwe kumkalisha mtu wetu kwa mkao ule ule: bibi kwenye kiti, ubavu, ukuta wa chokaa nyuma. Mpangilio usibadilishe. Kinachobadilika ni ngozi, na hapo kijitabu cha rangi za Kizungu hakikusaidii. Anza na amba ya kuchoma, siena na ultramarini kidogo. Ukitaka kuing'arisha usikimbilie nyeupe, itageuka majivu. Tumia oka na nyekundu. Mng'ao wa paji na wa mfupa wa shavu kwa ngozi nyeusi ni wa ubaridi, unachukua rangi ya mbingu ya dirishani, kwa hiyo ultramarini na nyeupe kidogo sana, nukta, bila ya kusugua.

Kanga nayo: paka kwanza mikunjo kama nguo isiyo na kitu, giza na mwanga. Ikikauka ndipo utie mji na pindo, ukizipindisha kila mkunjo unapopinda. Jina liandikwe mwisho, na herufi zinazoingia ndani ya mkunjo ziache zipotee. Ukiyaandika maneno yote yanyooke yasomeke, umebandika kanga juu ya mtu.

DaladalaArt

Nakala inaruhusiwa kuuzwa pale Ngome Kongwe kwa wageni?

MkaaNaBrashi

Whistler kafa 1903, haki zake zimekwisha zamani. Lakini iuze kama nakala. Nyuma ya kanvasi andika "nakala", jina la Whistler, jina lako na mwaka. Mbele usiweke alama yake ya kipepeo. Ukubwa nao usiwe wa asili: Louvre wanaoruhusiwa kunakili hulazimishwa kupunguza au kuongeza angalau moja ya tano, na theluthi yetu imeshapita hapo.